Meya Aliyefunga Mfereji

Simpendi mtu huyu, na ni vizuri niliseme hilo kwanza, ili anayesoma ajue ameshika maneno ya nani. Mimi nauza chai na maharagwe katika mji wetu mdogo ulio chini ya kilima cha Sagalla, mwendo wa bodaboda kutoka Voi, na shule niliishia darasa la saba. Naandika kwenye daftari tangu siku nyingi, lakini ni mambo ya mvua, na nani kazaa, na nani kahama. Kuandika habari za mtu mzima, tena mkubwa wa mji, sijawahi. Nikikosea, nitakuwa nimekosea nikijaribu kusema kweli.

Kwa karatasi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mji. Mameya waliisha kaunti zilipoingia, lakini watu wa huku wakishazoea neno hawaliachi, na kila anayekalia kile kiti tunamwita Meya. Yeye mwenyewe hakulipenda jina hilo. "Mimi ni mlinzi," alisema. Alisema hivyo akitutazama sisi, na wengi tulibaki tukijiuliza mji unalindwa dhidi ya nani.

Kabla ya kupewa mji alikuwa askari wa wanyamapori. Kazi hiyo aliifanya mpaka akawa mkuu wa kituo na mvi zikamtoka. Sitaandika alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Watu wa kwao Mwanda, juu milimani, wanayajua hayo, na hayamsaidii Mama Ndanu.

Mama Ndanu ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Alikuwa jirani yangu sokoni, muuza uji, Mkamba aliyekuja huku na mume wake kutafuta shamba, wakapata kipande cha mawe matupu. Leo anatembea na magongo mawili. Meya alifunga mfereji wa soko letu, bomba letu pekee la maji, tukaenda kuteka maji bwawani, na huko bwawani ndovu akamvunja nyonga na mguu. Kitu kimoja tu ameniuliza tangu siku hiyo, na ameniuliza mara nyingi: yule mzee, aliyeishi na ndovu maisha yake yote, alijua anatupeleka wapi, au hakujua?

Nilikuwa na hasira tu, na hasira si jibu.

*

Kabla ya huyu wa sasa nimeona wenyeviti watatu. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu. Mikutano yake haikuisha. Wazee wazima walinyoosha mkono kuomba ruhusa, na mtu akichelewa alisimamishwa mlangoni aeleze sababu. Paa la soko lilijadiliwa mpaka nguzo zikaliwa na mchwa. Lakini mwalimu aliandika kila kitu, na ni katika yale maandishi yake, baada ya yeye kuondoka, mfereji wa soko ulipatikana. Mtu alifungua faili akakuta tuliuomba, tukakubaliwa, tukasahauliwa.

Wa pili alikuwa mwenye duka la jumla. Kwake kila jambo lilikuwa bei. Mtaro alimpa aliyeukubali kwa bei rahisi, na mvua ya kwanza ikaupeleka pamoja na kuku wa watu. Lakini ungeweza kuongea naye. Ukimlilia asubuhi, jioni mmekutana katikati.

Wa tatu ndiye huyu. Na nilichojifunza kwa kuwatazama wote watatu nikiwa nyuma ya sufuria zangu ni kwamba mtu ukimpa mji, anaugeuza uwe kazi yake ya zamani. Hafanyi makusudi. Fundi viatu hukutazama miguuni kabla hajakutazama usoni. Hata mimi ningepewa mji, naogopa ningewalisha watu maharagwe na barabara ningezisahau kabisa. Kwa hiyo simlaumu kwa kuwa askari. Namlaumu kwa kitu kingine, nitakifikia.

*

Alikuwa mrefu, mkavu, na hakuwa na haraka hata siku moja. Kabla ya kuingia sokoni alisimama kando, akaokota vumbi kidogo, akaliachia lianguke kutoka vidoleni. Mwanzoni tulidhani ni uganga. Baadaye kijana mmoja wa bodaboda, aliyewahi kubeba mizigo ya watalii, akatueleza kwamba askari wa porini hupima upepo namna hiyo, wasije wakanuswa na mnyama. Tangu hapo Mama Ndanu akimwona ameinama kuokota vumbi alikuwa akisema, "Akina mama, punguzeni kunuka, Meya anakuja." Tulicheka mpaka uji ukamwagika. Sidhani Meya aliwahi kujua tunacheka nini. Mkono ulifanya wenyewe.

Kwa majina yetu hakujishughulisha. Alitutambua kwa alama. Mimi, kwa sababu ya jiko la kuni, nilikuwa Mama Moshi. Muuza viazi alikuwa Pengo. Mama Ndanu alikuwa Wa Kushoto, kwa sababu kibanda chake kilikuwa cha kwanza upande wa kushoto ukitoka barabarani. Alipotuzungumzia sote kwa pamoja hakusema watu wala akina mama. Alisema kundi. "Kundi la soko limetulia leo?" aliwauliza askari wake wa mji, nasi tupo hapo hapo tunasikia.

Kila Jumatatu alisimama kwenye ukuta wa daraja dogo akatuhesabu, kidole gumba kikipita juu ya vidole vingine. Pengo alimwuliza siku moja, "Mheshimiwa, tumezaana?" Akajibu bila kucheka, "Mmepungua wawili." Na kweli wawili walikuwa wagonjwa. Hapo nilijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja. Hakuna kiongozi mwingine aliyewahi kugundua kwamba mtu wetu hayupo. Lakini hakuuliza wanaumwa nini.

Alikuwa na misemo yake, yote ya kule kule porini. "Mnyama haambiwi, anaonyeshwa." "Ukikimbia umekubali kuwa chakula." "Ukimlisha mara moja umemharibu." Huu wa mwisho aliutumia siku kikundi cha wajane kilipokwenda kuomba mji uwasaidie mabati. Alisema hayo mbele yao, kwa sauti ya upole kabisa, kama daktari. Wajane wakarudi. Mmoja wao aliniambia, "Afadhali angenitukana, ningejua nimeongea na mtu."

*

Sasa lazima niandike upande wake mwingine, maana nikiuacha nitakuwa nimeandika uongo kwa maneno ya kweli.

Hakula kitu cha mtu. Alitembea na chupa yake ya chai na maji yake, na miaka yote hakunywa hata kikombe kwangu, hata nilipomkaribisha kwa moyo safi. Askari wa mji walikuwa wamezoea kujichotea sukuma wiki na nyanya kwenye meza za watu wakipita. Siku ya pili ya kazi yake alimkuta mmoja na nyanya mbili mfukoni, akamrudisha azirudishe mwenyewe mezani, mbele yetu, kisha akamwambia aombe radhi. Yule askari alikuwa mkubwa kama lori. Aliomba radhi huku jasho linamtoka. Kuanzia hapo hatukuibiwa tena na wanaotulinda, na hilo si dogo.

Taka pia. Mji wetu ulikuwa na jalala wazi nyuma ya stendi, na nyani walishuka kila asubuhi kama wafanyakazi wa zamu. Waliingia hata madarasani. Mwalimu alilifanyia jalala mikutano, mwenye duka alitafuta wa kulihamisha kwa bei nafuu. Huyu alichimba shimo, akalizungushia waya, akaagiza taka zifukiwe kabla ya jua kutua, na akasimama hapo mwenyewe wiki nzima kuhakikisha. Nyani walikuja, wakakaa, wakatazamana, wakaondoka. "Hawana ubaya," alisema. "Walikuwa wanafuata chakula. Toa chakula, umetoa nyani." Watu walimpigia makofi. Mimi pia nilipiga. Sikufikiri kwamba ameshatueleza mpango wake na sisi.

Na kuna ile asubuhi ya kiangazi, ndovu dume mmoja alipoingia mjini peke yake na kusimama nyuma ya kanisa, watoto wakiwa njiani kwenda shule. Watu walikuwa wanapiga mabati na kurusha mawe. Meya alikuja kwa miguu, akanyamazisha kila mtu kwa mkono, akavua kofia, akasogea mpaka ungesema anataka kumsalimia. Hakuwa na bunduki. Nilikuwa dirishani kwa mama mchungaji, na nilimsikia vizuri.

"Nenda, mzee," alimwambia ndovu. "Umepotea njia tu. Hakuna aliyekutukana. Nenda polepole, hapo mbele kuna nyaya, pita kulia."

Ndovu alitikisa masikio, akasimama, akageuka, akaenda zake. Siku ile angeweza kufa, naye hakusita hata hatua moja. Lakini pale dirishani niliumia, maana ile sauti sikuwahi kuisikia akiongea nasi. Ndovu alikuwa mzee. Sisi tulikuwa kundi.

*

Soko letu lilikuwa kando ya barabara ya lami, mahali magari yanapopunguza mwendo. Hilo ndilo lililotulisha. Meya alitaka tuhamie soko jipya ng'ambo ya reli, lenye paa na sakafu ya saruji na choo. Sababu zake zilikuwa nzuri, na nilizisikia kwa masikio yangu: lori lilikuwa limekwisha kuacha njia mara mbili likaingia kwenye vibanda, na mara ya pili ni bahati tu ilikuwa Jumapili na tuko kanisani. Hakutaka kutuzika. Hilo naliamini hata leo.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Meya alizungumza kifupi. Mama Ndanu akasimama, kanga imefungwa kiunoni kama anaenda kulima.

"Mheshimiwa, hiyo soko ni mzuri. Hata mimi ningependa kulala huko. Lakini hakuna mtu anapita. Uji wangu nitauzia nani, nyani? Na umeshawafukuza."

Ukumbi ulicheka. Meya alingoja wamalize.

"Chakula kikihama, wanaokula watahama," akasema.

"Mheshimiwa, hawa ni watu wanaenda kazini. Hawaendi malishoni."

Hapo hata mchungaji alicheka. Meya hakukasirika. Alimtazama Mama Ndanu kwa muda, akaandika kitu kwenye kijitabu chake, akasema mkutano umekwisha. Mwalimu angetubishia mpaka jioni. Mwenye duka angetuuliza, haya, wangapi wahame kwanza na wapewe nini. Huyu alishakiona alichotaka kuona: kwamba hatutaki. Hakuona haja ya kuuliza kwa nini.

Jumatatu iliyofuata tulikuta mfereji umefungwa kifuniko cha chuma na kufuli. Maji yalikuwa yanatoka soko jipya, lakini yalikuwa ya mwenye kibanda huko, na mlinzi alikuwa na orodha ya nambari. Kupata nambari ni kuhama. Askari wa mji walikuja na rungu zao, tukadhani sasa ni vita, kumbe Meya alikuwa amewakataza.

"Msiwaguse," tulimsikia akiwaambia. "Msivunje kitu. Watahama wenyewe."

Akaenda kukaa juu ya ukuta wa daraja na chupa yake ya chai, akangoja.

*

Hapa ndipo kalamu yangu inakuwa nzito, maana na mimi nimo.

Siku ile ya kwanza akina mama walikuwa wamevunjika moyo. Wawili walikuwa wameshaanza kufunga mizigo waende ng'ambo ya reli. Bila maji huwezi kupika chai, wala uji, wala kuosha sahani. Wenye bodaboda walileta mitungi, lakini waliipandisha bei siku hiyo hiyo. Nikasimama mimi, ambaye huwa sisemi mikutanoni, nikasema: "Maji yamewahi kutushinda lini? Sisi wa Sagalla tumezaliwa tukibeba maji. Bwawa liko pale. Tutabeba."

Wakanipigia vigelegele. Nilijisikia mtu mkubwa. Waliokuwa wakifunga mizigo wakafungua.

Bwawa liko upande wa mashamba ya mkonge, karibu saa nzima ukienda, zaidi ukirudi na mzigo. Kila mtu anajua kwamba kiangazi ndovu hunywa pale alfajiri. Kuna hata kibao. Kwa hiyo tulipanga kwenda jua likishapanda, wengi pamoja, tukiongea kwa sauti. Siku ya kwanza tulikwenda hivyo, na ya pili, na ya tatu. Tulipita mbele ya Meya pale kwenye daraja na mitungi yetu, tukiimba nyimbo za kanisani ili akereke. Alitutazama tu. Siku ya tatu nilimwona amesimama, amekunja uso, kama mtu aliyesoma neno asilolijua.

Siku ya nne Mama Ndanu alikuwa na oda ya uji wa watu wa mazishi, uji mwingi, wa mapema. Hakutungoja. Alikwenda alfajiri na mwenzake mmoja. Alikuwa amebeba mtungi mgongoni, kamba imepita juu ya paji la uso kama wanavyobeba Wakamba, na mtu aliyebeba hivyo hutazama chini na hawezi kugeuza shingo haraka. Mwenzake alikuwa nyuma, akaona kichaka kinatikisika. Alipiga kelele. Mama Ndanu alijaribu kuvua kamba. Anasema mpaka leo anakumbuka maji yakimwagika mgongoni yakiwa baridi sana, na hakumwona ndovu kabisa, aliona miguu.

Walimleta kwa pikipiki mbili zilizofungwa ubao katikati, kisha gari mpaka hospitali. Aliishi. Mguu ulipona kwa namna yake.

Meya aliipata habari kabla ya saa mbili. Alikwenda moja kwa moja bwawani na watu watatu, akasoma nyayo, akazifuata mpaka alipohakikisha ndovu wamerudi upande wao. Alasiri alikuja sokoni peke yake na spana. Alifungua kufuli, akatoa kifuniko, akafungulia maji yatoke mpaka yakawa safi, akafunga mfereji vizuri usidondoke. Tulikuwa tumesimama pale karibu thelathini. Tulingoja aseme neno. Aliweka spana mfukoni akaondoka.

Hospitali hakwenda. Nimeulizia sana, kwa sababu sitaki kumsingizia. Manesi wawili na mume wa Mama Ndanu wanasema hakwenda, wala hakutuma mtu.

Kamati ilipofika mwisho wa muda wake hakuomba tena kiti. Alirudi juu Mwanda kulima. Tuko bado kando ya barabara, na mwenyekiti wa sasa ni mtu wa bima, ambaye kazi yake kubwa mpaka leo ni kutuonya. Soko jipya wanaanika mahindi.

*

Mwezi uliopita nilishuka Voi kununua mbegu za maharagwe kabla ya mvua. Duka la mbegu na dawa za mifugo lilikuwa limejaa, watu wamekaa juu ya magunia wakingoja kuitwa. Na juu ya gunia moja alikuwa amekaa yeye. Amekonda. Kofia ni ile ile.

Ningeweza kutoka nikarudi baadaye. Nilikaa kwenye gunia la pili.

"Shikamoo, mzee."

Alinitazama, akatafuta. "Marahaba. Mama Moshi."

"Ndiyo. Shamba linaendaje huko juu?"

"Kabichi. Na nguruwe pori wananila." Akatabasamu kidogo. "Sasa na mimi nafukuza."

Tuliongea mambo ya mbegu, zipi zinavumilia jua. Alikuwa anajua vitu vingi, na alinieleza vizuri bila majivuno. Nikaanza kuona nitaondoka hapo bila kuuliza, na kwamba nitamdanganya Mama Ndanu kuwa sikumpata. Kwa hiyo nilimkata katikati ya sentensi, jambo ambalo kwa mzee si adabu.

"Mzee, nina swali. Si langu peke yangu."

"Uliza."

"Ulipofunga mfereji, ulikuwa unajua ndovu wanakunywa kule bwawani?"

"Kile kibao nilikiandika mimi."

"Basi ulijua tutakwenda kule."

Muuzaji aliita jina la mtu, mtu akaenda, tukasogea gunia moja mbele.

"Hapana," akasema. "Nilijua mtahama. Ukifunga kisima, kundi hukaa siku mbili linanusanusa. Siku ya tatu linainuka. Nimefunga visima vingi, mama. Sijaona kundi lisiloinuka."

"Sisi tulibeba."

"Nyinyi mlibeba." Alisema polepole, na nikajua amelisema hilo mwenyewe mara nyingi huko juu kwenye kabichi. "Mnyama habebi maji. Mnaelewa? Maisha yangu yote nimetazama viumbe wakiwa na kiu, sijaona hata kimoja kinachobeba maji kuyapeleka mahali kinapopapenda. Hilo halikunijia kichwani. Mliponipita na mitungi siku ile ya kwanza nilidhani ni ya kuhamia. Ya tatu ndipo nikaona mnarudi pale pale."

"Na siku ya tatu ulipoona?"

"Nilitaka kungoja moja zaidi."

Namwamini. Naandika hivyo na mkono hautaki, lakini namwamini. Mtu anayetaka kujitetea hakwambii alitaka kungoja moja zaidi.

Kisha akainamisha kichwa karibu na mimi, akashusha sauti, na nikahisi sasa atauliza. Nilikuwa nimeshaandaa jibu, kwamba anatembea na magongo, kwamba uji sasa anapika binti yake, kwamba baridi humuuma nyongani.

"Yule aliyempiga," akasema, "alikuwa dume au jike? Nyayo zilikuwa zimechanganyika."

"Jike. Alikuwa na ndama."

Alitikisa kichwa, na uso wake ukalegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi hakuwa na kosa," akasema. "Jike mwenye ndama hana kosa."

Muuzaji akamwita. Alisimama, akachukua mbegu zake, akagusa kofia kuniaga, akatoka juani. Mlangoni alisimama kidogo kutazama upepo unatoka wapi. Sina hakika kama alifanya hivyo kweli. Pengine nimeongeza mimi, na kama nimeongeza, anisamehe.

Nilikuwa nimekusudia kumwambia kwamba wazo la kubeba lilikuwa langu. Nililipeleka Voi na nikarudi nalo.

Mama Ndanu nilimkuta uani kwake, anapembua maharagwe kwenye ungo, magongo yameegemezwa ukutani. Sikungoja chai. Nilimweleza yote kwa mpangilio, kisima, kundi, siku ya tatu, kwamba hakujua kuwa watu hubeba. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Kwa hiyo hakujua," akasema.

"Hakujua. Na siku ya tatu alipoona, alingoja."

"Mm."

"Na lile neno la kubeba nililisema mimi. Sikumwambia, lakini wewe nakwambia."

"Si nilikuwepo? Lilikuwa letu sote, wewe ulitangulia mdomo tu. Na alfajiri nilikwenda mwenyewe, hakuna aliyenituma." Akatoa kijiwe kwenye maharagwe, akakitupa mbali. "Na mimi? Aliulizia nini?"

Ningeweza kutunga. Ilikuwa rahisi sana, neno moja tu la pole, na nani angekwenda Mwanda kuhakikisha? Lakini nimeandika kurasa zote hizi nikijaribu kutomwongezea mtu wala kumpunguzia, na kule uani ilikuwa hivyo hivyo.

"Aliuliza kama ndovu alikuwa dume au jike. Nikamwambia jike mwenye ndama. Akasema basi hakuwa na kosa."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Kisha ikaendelea.

"Hilo najua," Mama Ndanu akasema. "Mimi na yule mnyama tulishamalizana zamani. Mimi sikumuulizia ndovu."